Shajara ya mradi: printa ya mfukoni na risiti ya fundi wa friji

Siku ya 1

Shemeji yangu ni fundi wa friji na viyoyozi, kazi yake ni ya kuzunguka na mkoba kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Miaka yote risiti ameziandika kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni, kwa mwandiko ambao hata yeye akiurudia baada ya miezi miwili anaukodolea macho. Mteja anapiga simu: "Fundi, ile gesi uliyoniwekea ilikuwa ipi?" Anafungua kitabu, anapekuapekua, mwisho anakisia. Na gesi ya friji haikisiwi. R600a inashika moto, R134a haishiki, na friji iliyoundwa kwa moja haijazwi nyingine.

Kwa hiyo nimejitolea kumtengenezea programu ndogo ya simu. Anajaza alichofanya, anabonyeza, na printa iliyoning'inia kiunoni inatoa risiti ya mteja pamoja na lebo ya kubandika kwenye friji. Printa tayari anayo. Aliinunua mwaka jana ikaishia kwenye droo, maana programu iliyokuja nayo ilikuwa ya kuchapa vikaragosi na maua, basi.

Nimeifungua niione. Inatumia rola ya upana wa milimita 58, ila inachapa milimita 48 tu za katikati. Haina wino wala utepe. Kichwa chake ni mstari wa vipashajoto vidogo 384, vinane kwa kila milimita, na kinachogeuka rangi ni karatasi yenyewe: juu yake kuna rangi isiyoonekana na tindikali ya kuiamsha, vikipata joto vinayeyuka pamoja na pale panakuwa peusi. Kila kitakachotusumbua mbele nadhani kitatoka kwenye sentensi hiyo moja.

Siku ya 2

Saa nzima imepotea. Nimetuma maneno, printa imelia vizuri, karatasi imetoka nyeupe pe. Nimebadilisha kebo ya chaji, nimeizima na kuiwasha, nimeandika upya sehemu ya kutuma. Mwishowe nikakwaruza karatasi kwa ukucha, upande mmoja kisha wa pili. Ule wa pili ukaacha mstari wa kijivu. Rola nilikuwa nimeipachika kichwa chini, nikawa napasha joto mgongo wa karatasi.

Kwaruza kwa ukucha kwanza. Nimeiandika kwenye kifuniko cha printa kwa kalamu ya wino mzito.

Siku ya 5

Leo imesema. Printa nyingi za aina hii zinafuata amri zilizoanzia kwa Epson, zinaitwa ESC/POS. Ni baiti chache tu, yaani namba fupi zinazosomwa na mashine: 1B 40 inamwambia "anza upya, sahau yote", 1B 61 inapanga maneno kushoto, katikati au kulia, 0A inashuka mstari. Herufi ya kawaida ina upana wa nukta 12, kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi 32 na hapo ndipo ukuta ulipo. Kiswahili kina maneno marefu. "Tumeirekebisha" peke yake imekula 14.

Kisha likaja la ajabu. Nimechapa "Kapasita imeng’olewa, mpya imewekwa", ikatoka "imeng", herufi mbili za Kichina, halafu "lewa". Ile "o" imekwenda wapi?

Nimekaa nayo jioni nzima. Maelezo ya kazi nilikuwa nimeyanakili kutoka kwenye waraka wa kompyuta, na kompyuta ina tabia ya kuipindisha ritifaa, kile kialama cha kwenye ng': unaandika iliyonyooka, inakuwekea iliyojikunja kama mkia. Iliyonyooka ni baiti moja. Iliyojikunja ni baiti tatu, E2 80 99. Printa hii imetoka kiwandani ikiwa kwenye hali ya Kichina, ambamo baiti mbili zikifuatana namna hiyo zinasomwa kama herufi moja. E2 na 80 zikawa herufi ya kwanza. 99 ikabaki mjane, ikamdaka jirani yake, "o" yetu, wakaandikishwa herufi ya pili.

Dawa ni mbili na nimeweka zote. Kwanza natuma 1C 2E, amri ya kuondoka kwenye hali ya Kichina. Pili, kila ritifaa iliyojikunja inanyooshwa kabla ya maneno kuondoka kwenye simu. Ile ya kwanza peke yake haitoshi, kwa sababu kwenye jedwali la kawaida la herufi zile baiti tatu zinatoka ΓÇÖ. Anayeandikia printa hizi kwa Kiingereza anaweza kuishi miezi bila kugundua. Sisi wenye ng'oa, ng'arisha na ng'ang'ania tunagundua siku ya kwanza.

Siku ya 9

Shemeji anataka alama ya kazi yake juu ya risiti. Kaichora binti yake: duara jeusi tii, ndani yake kipande cha barafu cheupe. Inapendeza. Imechapwa nusu, printa ikazimika. Nimewasha tena, nusu, ikazimika tena.

Sababu ni ileile ya siku ya kwanza. Mstari wa maandishi unawasha vipashajoto vichache kwa wakati mmoja. Mstari unaokata duara jeusi katikati unawasha mamia kwa mpigo. Betri ikiwa imeshuka, umeme unazama na ubongo wa printa unaona giza. Ndiyo maana pia hizi mashine huja na betri yake na hazinyonyi umeme wa simu kupitia kebo. Simu isingeimudu hata kwa mstari mmoja mzito.

Tumegeuza mchoro: barafu sasa ni mistari myembamba juu ya karatasi nyeupe, duara limekuwa mzingo tu. Binti amekasirika kidogo. Printa haijazimika tena.

Siku ya 12

Kijana anayemsaidia shemeji ana iPhone. Printa haionekani kabisa kwenye simu yake, na nimejua kosa si la kijana. Bluetooth ina sura mbili. Ile ya zamani inajifanya waya: unafungua mlango, unamimina baiti, na Android inakuruhusu bila maswali mengi zaidi ya namba ya siri, ambayo karibu kila mara ni 0000 au 1234. iPhone haifungui waya huo kwa kifaa ambacho hakijapitishwa na Apple. Inabaki sura ya pili, BLE, ile ya kutumia umeme kidogo. Bahati nzuri printa yetu inazo zote mbili.

Ila BLE ni ya kubeba maji kwa kijiko. Kipimo chake cha msingi ni pakiti ya baiti 23, tatu zinaliwa na maelezo ya pakiti, zinakubakia 20. Picha ya upana wa nukta 384 na urefu wa 500 ni baiti 24,000, yaani vijiko 1,200. Simu na printa zikikubaliana kutumia pakiti kubwa zaidi mambo yanakuwa nafuu, lakini nimejenga kwa hesabu ya chini kabisa ili isije ikanikosa. Jaribio la kwanza nilimwaga zote haraka. Printa ikashiba, ikaanza kutapika mistari iliyokatika. Nimeweka kipumziko kifupi baada ya kila vijiko kadhaa. Sasa inakwenda taratibu, ila inafika nzima.

Siku ya 14

Ruhusa. Kwenye simu yake ya zamani programu inaomba kujua mahali alipo, na shemeji amekataa katakata. "Inataka kujua nilipo ili iweje, shemeji? Karatasi naitoa hapahapa." Ana haki ya kuuliza. Zamani Android ilihesabu kutafuta vifaa vya Bluetooth kuwa njia ya kumjua mtu alipo, ikadai ruhusa hiyo. Toleo la 12, la mwaka 2021, ndilo lililoleta ruhusa ya peke yake ya vifaa vya karibu. Kwa simu yake nimeandika sentensi mbili za maelezo kabla dirisha la ruhusa halijafunguka. Amezisoma, kaguna, kakubali.

Siku ya 17

Siku ya kwanza kazini. Nimekwenda naye, nimekaa pembeni kama mgeni.

Friji ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima. Shemeji amemaliza, amejifuta mkono mmoja tu, akajaza simu kwa kidole chenye grisi, akabonyeza. Printa ikalia kama panzi, karatasi ikachomoza, akaikata kwenye meno ya kifuniko akampa kwa mikono miwili. Mama akavaa miwani. Alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza bila sauti. Mstari wa nne akasimama.

"Fundi, hapa umeandika mpira wa mlango umebadilishwa. Si ulisema utauleta wiki ijayo?"

Shemeji akaangalia simu. Kisanduku alikibonyeza kwa mazoea. "Samahani mama, umeona vizuri." Akafuta, akachapa nyingine, ile ya kwanza akaikunja akaitia mfukoni.

Njiani sikusema kitu kwa muda. Nilipoanza mradi nilikuwa na swali ambalo sikumwambia: mbona asitume tu ujumbe? Ujumbe haununuliwi rola, haufifii. Leo nimejibiwa. Ujumbe mteja anausoma fundi akishaondoka, kama anausoma. Karatasi anaisoma fundi akiwa bado anakusanya bisibisi sakafuni. Kosa lile lingekuwa kwenye ujumbe lingegunduliwa siku mpira uleule unapovuja hewa, na pale mlangoni ingekuwa neno la mama dhidi ya neno la fundi. Mimi nilidhani tunatengeneza kitu cha kuharakisha. Kumbe faida yake ni kule kumfanya fundi asimame dakika moja zaidi.

Nimebadilisha mpangilio usiku huuhuu. Jumla ya fedha ilikuwa juu kwa herufi kubwa; nimeishusha chini kabisa, kwa sababu jicho likishaona jumla linaacha kusoma. Kazi zilizofanyika zinatangulia, moja kwa mstari. Herufi zimerefushwa mara mbili kwenda juu, upana uleule, ili 32 zibaki 32. Miwani ya yule mama imenifundisha zaidi ya mwongozo wa printa.

Siku ya 21

Picha. Shemeji anapiga picha bomba lililopasuka au waya ulioungua, akaomba zitoke kwenye risiti. Printa hii haijui kijivu, inajua nukta ipo au haipo. Picha ya kwanza ya bomba ilitoka kama doa la lami.

Suluhisho ni la zamani kuliko simu zenyewe, njia ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976. Kila nukta ukiilazimisha kuwa nyeusi au nyeupe unakuwa umekosea kiasi fulani. Kosa hilo hulitupi, unawagawia majirani ambao hawajapitiwa: sehemu 7 kati ya 16 kwa wa kulia, 3, 5 na 1 kwa watatu wa mstari wa chini. Mistari kama kumi ya programu. Ufa wa bomba sasa unaonekana, hata kutu yake. Na kwa kuwa weusi umetawanyika, betri haishtuki kama kwa lile duara.

Binti alikuja na printa yake ya picha, ile ya karatasi ndogo za rangi, akitaka tutumie hiyo. Nimeikubali kwa jioni moja, maana inanivutia. Haina wino nayo: karatasi za Zink zina tabaka tatu za fuwele, njano juu, waridi katikati, samawati chini, na kichwa kinachagua rangi kwa kucheza na joto na muda. Joto kali la mara moja linaamsha njano ya juu, joto la chini la kukawia linazama hadi samawati. Iliingia sokoni mwaka 2008 kwenye printa ya Polaroid iitwayo PoGo. Zile za mvuke wa rangi, kama Selphy za Canon, zinapitisha karatasi mara nne, rangi tatu na kisha tabaka la kuikinga, na kwa picha ya kuweka ukutani ningechagua hizo bila kufikiri. Lakini mteja wa friji haombi picha ya ukutani, anataka kuona ufa ulipo. Binti amerudi na printa yake.

Siku ya 33

Pigo. Lebo zimekufa.

Tulikuwa tunachapa lebo kwenye rola ya karatasi ya joto yenye gundi mgongoni: aina ya gesi, gramu, tarehe. Shemeji alizibandika mahali ambapo fundi yeyote atatazama, mgongoni mwa friji, juu ya kompresa. Leo amerudi kwa mteja wa wiki ya kwanza ya majaribio akanipigia akiwa amechuchumaa.

"Shemeji, lebo yako imekuwa kaniki."

Amenitumia picha. Kipande cha karatasi cheusi chote, kingo tu ndizo zina ukijivu. Kompresa inapata moto, na tangu siku ya 1 niliandika kwa mkono wangu kwamba karatasi hii hugeuka nyeusi kwa joto. Niliandika nikapita. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kati ya vyote tunavyochapa, lebo ndiyo iliyopaswa kuishi miaka. Risiti ikifutika shemeji ana nakala kwenye simu. Fundi mwingine atakayekuja na tochi mdomoni hana simu ya shemeji.

Siku ya 35

Jana na leo ni lebo tu. Nimefikiria kuihamisha ndani ya mlango, lakini unyevu na vitambaa vya kufutia vitaimaliza. Nimefikiria kuweka maneno yote kwenye msimbo wa QR, maana husomeka hata ukichubuka: kwa kiwango cha M, kimoja kati ya viwango vyake vya kujirekebisha, unavumilia kupotea kwa karibu asilimia 15. Ila lebo nyeusi yote haivumilii kitu, QR au maandishi.

Nimeazima printa ya utepe, aina ya P-touch Cube ya Brother, nayo inaongea na simu kwa Bluetooth. Hii inatumia joto pia, lakini joto linahamisha rangi kutoka kwenye utepe mmoja kwenda mwingine, na maandishi yanabaki yamefunikwa chini ya plastiki nyembamba. Ukiipasha baadaye haina cha kugeuka. Utepe wa milimita 12 unatosha "R600a 55 g" na tarehe, na shemeji hahitaji kubadilisha rola kila friji, jambo ambalo alikuwa analivumilia kimyakimya kumbe linamkera vibaya. Nimebandika kipande kimoja kwenye kompresa ya friji yangu. Kingine nimekiacha ubavuni, mbali na moto, ambako ndiko tutakapoelekeza kwa vyovyote.

Siku ya 46

Matokeo ya risiti tano nilizoziacha sehemu tano tangu siku ya 10. Iliyokuwa ndani ya daftari, gizani: kama imetoka leo. Kwenye pochi ya shemeji: imechakaa, ina alama za kukunjwa, inasomeka. Chini ya kioo cha mbele cha gari: karatasi imekuwa ya kahawia na maandishi yanazama ndani yake. Ndani ya mfuko laini wa plastiki wa kuhifadhia hati, ambao mtu angedhani ndio ulinzi: imefifia kuliko zote, kwa sababu vilainishi vya plastiki vinaiondoa rangi. Niliyoibandika ukutani kwa selotepu: chini ya selotepu panaelekea kuwa peupe.

Ya sita haikuwa kwenye mpango. Nilipaka dawa ya mikono yenye spiriti nikaishika risiti kabla haijakauka, alama za vidole vyangu zikatokea nyeusi kama polisi wamenichukua.

Kwa hiyo chini ya kila risiti sasa kuna mistari miwili: itunze gizani, nje ya plastiki, nakala unaweza kuiomba. Nakala ikichapwa upya inabeba neno NAKALA na tarehe ya mwanzo, isije ikazua risiti mbili za kazi moja. Rola pia nimebadilisha, nimechukua zisizo na BPA, kemikali ya kuamsha rangi inayohofiwa kudhuru afya. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye karatasi za joto isizidi asilimia 0.02 ya uzito kuanzia Januari 2020, na shemeji anazishika kutwa nzima kwa vidole vyenye grisi. Watengenezaji wengine wameweka BPS mahali pake, ambayo ni ndugu yake wa karibu, kwa hiyo nimesoma kasha hadi nikapata iliyoandikwa haina zote mbili.

Siku ya 51

Shemeji anataka mstari mmoja zaidi: kazi aliyomshauri mteja lakini haikufanyika, kama ule mpira wa yule mama. Ni ombi zuri kuliko yote aliyowahi kutoa. Nimeandika "Haijafanyika leo:" na mbele yake jina la kazi.

Jaribio la kwanza limetoka hivi: mstari mzima umejaa mpaka "mlang", na chini yake "o" iko peke yake, katikati ya weupe. Nimehesabu. "Haijafanyika leo:" ni 17, "mpira wa mlango" ni 15, jumla 32 kamili, na mimi nikaweka nafasi moja baada ya nukta pacha.

Shemeji ameichukua karatasi, ameiangalia ile "o" kwa muda.

"Si uandike Bado tu?"

"Bado: mpira wa mlango". Herufi 21. Nimeichapa, ameipasua, ameitia mfukoni aende nayo kesho.